Msiba Uliofichwa Wiki ya Mtihani

"Alhamisi jioni ulinipigia ukaniuliza dalili za kifafa cha mimba! Alhamisi, Mugeta! Mama yako yuko mochwari, wewe unaniuliza protini kwenye mkojo!"

"Jeni, punguza sauti. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Nikakwambia sauti yako imekauka, ukasema ni mafua. Nikacheka! Nikakwambia unywe chai ya tangawizi!"

Stendi ya Bunda mchana ule ilikuwa na kelele zake zote. Wapiga debe walikuwa wanavutana na abiria, akina mama wamebeba beseni za mahindi ya kuchemsha, basi la Mwanza bado linanguruma. Jenipher alikuwa ametoka kushuka kwenye basi hilo. Begi lilikuwa bado begani, na sketi yake ya bluu, aliyoipiga pasi kwa ajili ya mtihani wa leseni, ilikuwa imekunjamana kwa safari. Mugeta alikuja kumpokea akiwa na soda baridi mkononi na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Ugomvi ulianza hata hawajakumbatiana, pale mama mmoja muuza ndizi alipomwita Mugeta kwa sauti ya huruma: "Dokta, pole sana na msiba. Mama mmeshampumzisha?"

Jenipher akainua mkono, akaivua ile kofia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote kwa wembe, na nyuma ya sikio palikuwa na mkato mdogo ambao haujakauka. Hakuhitaji kuelezwa. Amezaliwa mkoani Mara, anajua mwanamume hunyolewa hivyo akifiwa na mzazi.

"Amefariki lini? Amezikwa lini?"

"Alifariki Jumatano. Tumezika jana."

"Jana mimi nilikuwa kwenye mtihani."

"Najua."

"Unajua! Nilikuwa nasoma swali linaloniuliza muuguzi afanye nini kwanza, na mama mkwe wangu anafukiwa. Nani alipika? Nani alimwosha? Walimwosha akina nani, Mugeta?"

"Shangazi Wakuru na wenzake."

"Na mimi nilikuwa wapi? Wameambiwa niko wapi?"

Mugeta aliangalia soda aliyoishika kana kwamba hajui imefikaje pale. Alikuwa muuguzi hapo hapo Bunda, mtu wa miaka mitatu kazini, aliyezoea kuwapa ndugu wa wagonjwa habari mbaya bila kutetereka. Lakini sasa alishindwa kumwangalia Jenipher machoni.

"Mara ya kwanza ulifeli kwa sababu yetu," alisema. "Nilikataa ufeli mara ya pili kwa sababu hiyo hiyo. Basi. Hicho ndicho nilichofanya."

Hilo lilikuwa kweli, na Jenipher hakuweza kulikana.

Walikuwa wamekutana Musoma, kwenye dirisha la dawa la hospitali, asubuhi yenye foleni ndefu. Jenipher alikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho, gauni la mafunzo limepauka kwa kufuliwa kila siku. Mugeta alijipenyeza mbele ya wazee na karatasi ya dawa. Jenipher akamshika shati. "Kaka, hao wote unaowaona wamekuja kupunga upepo?" Mugeta akajibu kwamba na yeye ni muuguzi. "Basi ndiyo vibaya zaidi," Jenipher akamwambia, na foleni nzima ikacheka. Alirudi nyuma. Alipofika dirishani mara ya pili, alikuwa ameshapata jina lake, chuo chake, na nusu ya namba yake ya simu. Nusu nyingine Jenipher alimpa wodini, alipogundua kuwa mgonjwa aliyekuwa akimsafisha kidonda cha mguu kila asubuhi, yule mama wa Butiama mwenye kisukari na mzaha mwingi, ndiye mama yake Mugeta.

Mama Mugeta alimpenda kabla mtoto wake hajampenda. "Huyu ana mkono mwepesi," alikuwa akiwaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Mwanangu akimwacha, nitamwoa mimi mwenyewe."

Wakachumbiana. Shangazi Wakuru, dada wa marehemu baba yake Mugeta, alikwenda mpaka Buhare kwa wakwe na kilemba kipya, akarudi na jibu zuri. Kuanzia hapo Jenipher alihesabiwa kuwa mtu wa mji wa akina Mugeta, mmoja wa boma lao. Kisha ikaja wiki ya mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi, na wiki hiyo hiyo Mama Mugeta akakatwa vidole vya mguu. Jenipher alilala chini wodini, kwenye kanga, akimgeuza, akimpima sukari, akimlisha. Alienda kwenye mtihani macho mekundu. Akafeli kwa alama chache. Bila leseni huruhusiwi kumgusa mgonjwa, hata ungekuwa hodari namna gani. Wenzake wakaanza kazi, yeye akarudi Buhare kumsaidia mama yake, Ursula, kuanika dagaa.

Mwaka ule wa kusubiri, Mugeta alimpigia kila jioni kumuuliza maswali. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

"Mgonjwa wa kisukari anatetemeka, jasho jembamba linamtoka. Kwanza unafanya nini?"

"Nampima sukari."

"Imeshuka sana, ila anaweza kumeza."

"Nampa sukari anywe. Na wewe nitakupa nini? Sauti yako inatetemeka."

"Mimi nina ugonjwa mwingine, sista. Wangu hauko kwenye mtaala."

Sasa, pale stendi, Jenipher alimrudishia kofia.

"Twende Butiama. Sasa hivi. Nikamlilie mama kaburini."

"Siyo leo, Jeni."

"Kwa nini?"

"Shangazi ana hasira."

"Hasira na nani?"

Mugeta alivaa kofia yake taratibu. "Watu wamechoka tu. Subiri matanga yaishe. Nitakupeleka mwenyewe."

Jenipher akapanda gari lililokuwa linaondoka kwenda Musoma. Soda ilibaki mikononi mwa Mugeta.

Nyumbani Buhare alilia chumbani, akatoka, akala, akarudi kulia. Simu iliita, hakupokea. Ursula alimvumilia kwanza. Baadaye akaweka ungo chini.

"Mtu amekukosea, sawa. Lakini amekukosea akitaka ufaulu. Mimi baba yako alikuwaga ananikosea kwa uvivu. Chagua kosa."

"Mama, amenifanya niwe kama mtu baki."

"Ni kweli. Kwa hiyo mpigie umwambie hivyo hivyo. Ukilia humu ndani mimi ndiye nasikia, na mimi sikufichi msiba wowote."

Akampigia. Akamwambia hivyo hivyo.

"Alisema nini?" Jenipher aliuliza mwishowe. "Kabla hajafa."

"Aliniuliza umefika Mwanza salama."

Jenipher alifumba macho. Hakumsamehe siku hiyo, lakini kuanzia hapo alipokea simu.

Matokeo yalipotoka alikuwa sokoni Mwigobero na mama yake, wananunua furu, wale samaki wadogo. Akasoma jina lake kwenye simu, akasoma tena, akakaa juu ya ndoo ya samaki iliyogeuzwa. Amefaulu, na amefaulu vizuri. Ursula alipiga vigelegele mpaka wachuuzi wa sangara upande wa pili wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Mugeta alipiga kabla Jenipher hajabonyeza namba yake.

"Naongea na Muuguzi Jenipher, mwenye leseni?"

"Ndiye. Mgonjwa ana shida gani?"

"Moyo unakwenda mbio."

"Akapumzike, anywe maji, asinisumbue kazini."

"Kazi yenyewe huna bado!"

"Nitapata, bwana. Utaona."

Alipata. Aliomba sehemu nyingi, akajibiwa na zahanati moja ya kanisa, kijijini, upande wa Butiama. Jina la kijiji alilijua. Kutoka pale mpaka nyumbani kwa akina Mugeta ni mwendo wa kutembea. Alichukulia kwamba ni Mungu. Kila alipomuuliza Mugeta watakwenda lini kaburini, Mugeta alikuwa na zamu, au semina, au mwenzake anaumwa. Na mchumba hawezi kuingia peke yake kwenye mji ambao hakuhudhuria msiba wake. Lazima aingizwe na mwenyeji. Jenipher akasubiri.

Alianza kazi na gauni jeupe jipya, mkanda wa bluu kiunoni, saa imebanwa kifuani. Mganga mfawidhi alikuwa Isidori, mzee mwembamba aliyezoea kuongea kwa sentensi fupi. Alimwonyesha chumba cha kujifungulia, friji ya chanjo, tangi la maji. "Muuguzi mwenzako ni mmoja," alisema. "Anakaribia kustaafu, miguu inamuuma. Kwa hiyo wewe ndiye miguu yetu."

Siku ya kliniki ya watoto Jenipher alipanga meza yake mapema, akanawa, akachanganya chanjo ya surua. Mabenchi yalijaa akina mama na watoto waliofungwa mgongoni kwa kanga. Akaita wa kwanza. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena.

Mama mmoja mtu mzima, mrefu, amevaa kitenge cheusi na shanga nyembamba shingoni, alikuwa amempakata mjukuu. Jenipher alimtambua. Moyo wake ulifurahi hata kabla ya akili.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi Wakuru hakuitikia. Alimgeukia Isidori aliyekuwa anapita na ndoo. "Dokta, sisi tutamsubiri yule mama mwingine. Huyu hatamgusa mtoto wa kwetu."

"Kwa nini, mama?"

"Muulize mwenyewe alikuwa wapi tulipomzika mama mkwe wake. Tulimwosha sisi, wazee, na migongo inauma, na mke wa mwanetu yupo hai. Alipewa habari akasema mtihani kwanza. Mkono ulioogopa maiti ya mama yake utamshikaje mtoto?"

Mabenchi yote yalimgeukia Jenipher. Aliweka sindano chini.

"Shangazi, mimi sikuambiwa."

"Hukuambiwa?" Shangazi alicheka kicheko kikavu. "Nilimuuliza Mugeta mbele ya jeneza, watu wote wanasikia. Mchumba wako ana habari? Akatikisa kichwa kukubali. Anayo. Sasa kati yako na mtoto aliyekuwa anamlilia mama yake, nani mwongo?"

Jenipher alirudi kwenye orodha, akaita anayefuata. Siku hiyo aliwachoma watoto wawili tu, wa wahamiaji ambao hawakujua habari. Wengine wote walipanga foleni kwa yule muuguzi mzee, wakasubiri mpaka jua likawafikia miguuni. Kichupa cha surua kikishachanganywa hakikai mpaka kesho. Dozi zilizobaki mezani kwake alizimwaga yeye mwenyewe.

Kliniki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Mama mmoja mjamzito aliyeanza uchungu alimwona mlangoni, akamwomba bodaboda ampeleke kituo kingine, na barabara ilikuwa mbaya. Alijifungua salama, lakini Isidori alikuja kukaa kwenye kiti cha wagonjwa, mbele ya meza ya Jenipher.

"Wewe ni muuguzi mzuri," alisema. "Nimeona. Lakini dawa inayokataliwa haimtibu mtu. Mwisho wa mwezi nitakuombea uhamisho, labda jambo hili lipone lenyewe."

"Haliwezi kupona lenyewe, dokta."

"Basi aliponye anayejua lilikoanzia."

Jenipher alikwenda nyuma ya zahanati, penye kamba ya kuanikia mashuka, akapiga simu.

"Mugeta. Ulitikisa kichwa?"

Upande wa pili alisikia kitoroli cha dawa kikisukumwa wodini Bunda.

"Nani amekwambia?"

"Nimekuuliza, ulitikisa kichwa?"

"Ndiyo."

"Mbele ya jeneza."

"Jeni, nisikilize. Kwetu anayemficha mtu wa mji habari ya msiba haruhusiwi kutupa udongo kaburini. Anatolewa nje ya ua, mama yake anazikwa yeye amekaa njiani kama mgeni. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilitaka kumtupia mama udongo. Shangazi aliponiuliza nilikuwa nimeshaushika mkononi."

Jenipher aliegemea nguzo ya kamba. Alimwona kabisa, kichwa kimenyolewa, mkono umefumba udongo. Alimhurumia, na huruma ile ilimwongezea hasira.

"Kwa hiyo ulimtupia mama udongo, na mimi ukanifukia humo humo."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Kunificha nilishakusamehe. Ulikuwa unanitafutia leseni. Sasa leseni ninayo, na hakuna mtoto wa kumchoma. Wanawake watazaa njiani kwa kuniogopa mimi. Umenipa kazi kwa mkono huu ukaninyang'anya kwa huu."

"Nitaongea nao. Tukifanya kikao cha ukoo baada ya mavuno..."

"Baada ya mavuno nitakuwa nimeshahamishwa. Ulitikisa kichwa mchana, watu wakiona. Nenda kakitikise tena mchana, watu wakiona."

"Watanitoa nje."

"Mimi niko nje tangu siku ile, na sikujua. Usinipigie tena mpaka uwe umesema."

Akakata. Akakusanya mashuka, akayakunja moja moja, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa.

Mugeta hakupiga. Siku zilipita, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane jioni simu haikuita kabisa. Jenipher alianza kupanga vitu vyake. Alimwambia mama yake kwamba pengine atarudi. Ursula aliuliza jambo moja tu: "Umekosea wapi kwenye kazi?" Jenipher akajibu kwamba hakukosea. "Basi usirudi na kichwa chini. Rudi kama umehamishwa, siyo kama umefukuzwa."

Jumamosi asubuhi, mabenchi ya kliniki yamejaa na hakuna anayemwangalia machoni, Shangazi Wakuru aliingia. Hakukaa benchi. Alipita mbele ya wote mpaka kwenye meza ya Jenipher, akamfungua mjukuu mgongoni, akaketi, akamkalisha mapajani, akavuta kijishati.

"Mchome."

Jenipher aligeuka kumtazama yule muuguzi mzee.

"Husikii? Mchome mtoto, amechelewa."

Alinawa mikono. Alisafisha mkono wa kushoto wa mtoto, akamchoma. Mtoto akalia kwa nguvu. Shangazi akambembeleza kidogo, halafu akawageukia akina mama. Hakupunguza sauti.

"Mugeta amekuja jana. Ametuita wote, wazee na majirani, amesimama penye kaburi la mama yake, akasema huyu binti hakuambiwa. Yeye ndiye aliyemficha, na mimi nilipomuuliza alinidanganya. Amelia. Nimemtoa nje ya ua mwenyewe, kwa mkono wangu, mtoto niliyemlea. Kwa hiyo yale niliyosema, yafuteni." Akamgeukia Jenipher. "Nilikusema vibaya, mwanangu. Siwezi kurudisha kila neno, mengine nimeshayasahau. Ila nimekuja mchana, watu wakiona."

Mama wa kwanza kwenye benchi aliinuka na mtoto wake. Nyuma yake mwingine. Yule muuguzi mzee alivuta kiti, akanyoosha miguu yake, akashusha pumzi.

"Nikimaliza foleni hii nitakuja kaburini, shangazi," Jenipher alisema, akachukua sindano mpya.

"Maliza. Mimi nitakusubiri hapa hapa. Safari hii utaingizwa."

Alichoma wote. Alipima uzito, akaandika, akawakumbusha maziwa na chandarua. Isidori alipita mara moja, akaangalia meza, akaenda zake. Kisha Jenipher na shangazi wakashika njia ya kwenda nyumbani, wanapita kwenye mashamba ya mihogo na mawe makubwa, shangazi mbele, yeye nyuma na gauni lake jeupe. Watu waliokuwa wanalima walisimamisha majembe.

Mji wa akina Mugeta ulizungushiwa ua wa miiba, na mlango wake ulikuwa pengo fupi ambalo mtu mrefu huinama kulipita. Nje ya pengo hilo, juu ya jiwe, alikuwa amekaa Mugeta. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi. Shati alilovaa lilikuwa la kazini, limechafuka vumbi mgongoni. Ndani ya ua, wazee watatu na wanawake kadhaa walikuwa wamesimama wakimsubiri mgeni.

Mugeta aliinuka. Hakumsogelea.

"Umekula?" Jenipher alimuuliza. Hakupanga kuuliza hivyo.

"Wameniletea hapa."

Shangazi Wakuru alisimama kati yao na mlango.

"Sikiliza, binti, usije ukasema hukuelezwa," alisema. "Aliyetolewa kwa kosa hili haingii kwa miguu yake. Anaingizwa na yule aliyemkosea, kwa mkono. Ila ukimshika mkono hapa mbele yetu, umemkubali yeye na mji wake. Hakuna tena kusema nilikuwa namsindikiza. Ng'ombe za mahari zitafuata, hayo ni maongezi ya wanaume. Na kama humtaki, usione haya. Pita, nenda ukamlilie mama, utoke, urudi kazini kwako. Hakuna atakayekulaumu, nami nitamfunga mdomo atakayejaribu. Yeye atakaa nje mpaka wazee wakae baada ya mavuno."

"Jeni," Mugeta alisema, "usinishike kwa kunihurumia. Ingia ukamlilie mama. Mimi nitasubiri."

"Hukuulizwa wewe," shangazi alimwambia.

Jenipher alimwacha Mugeta nje. Shangazi akamwingiza.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake umeshashuka, msalaba wa mbao umeegemea kidogo upande mmoja. Alidhani atajizuia, kwa sababu ameshaona watu wengi wakifa na kazi inafundisha kujizuia. Lakini alipofika alipiga magoti. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa kwao ziwani, akimwita mama, akimwambia kwamba alifika Mwanza salama, kwamba amefaulu, kwamba mguu ule angeusafisha tena kama angeachiwa. Wanawake waliokuwa wamesimama mbali walisogea, wakaanza kulia naye. Akachota udongo kwa mikono miwili, akautupa.

Alipotulia alikaa pale chini. Aliwaza kazi yake imerudi, jina lake limerudi. Hakuwa na haja ya Mugeta kwa lolote kati ya hayo. Angeweza kuondoka leo akiwa mzima. Akaliangalia wazo hilo vizuri, kwa sababu hakutaka kushika mkono wa mtu kwa kukosa pa kwenda. Mwanamume yule alikuwa mwoga mara moja, kwa saa ya kumzika mama yake. Kisha alirudi mahali pale pale, watu wale wale wakiona, akajitoa nje mwenyewe. Wangapi hurudi? Na jioni zote zile alizokaa bila simu yake, kitu alichokikosa hakikuwa maswali.

Akaamka. Akafuta uso kwa mkono wa gauni, udongo ukabaki shavuni. Alipita mbele ya wazee, mbele ya wanawake, mpaka kwenye pengo la ua, akainama, akatoka nje.

"Nikikuingiza," alisema, "siku nyingine ukiogopa, utaogopa ukiwa na mimi. Hutanificha msiba, hutanificha ugonjwa, hutanificha hata homa."

"Sitakuficha."

"Na zahanati siachi."

"Nani amekwambia uache?"

Shangazi Wakuru alikohoa. "Jua linatuchoma, mtuambie."

Jenipher akamshika Mugeta mkono wa kulia, akaubana, akauvuta kuelekea mlangoni.

"Inama," alimwambia. "Utachomwa na miiba."